Usitishaji wa Msaada wa Programu kwa Majukwaa Yenye Watumiaji Wachache: Hofu za Wateja katika Mpaka wa Uganda na Kenya

Ikisiri

Watengenezaji wa programu huacha kuhudumia mifumo endeshi ambayo watumiaji wake wamepungua. Uamuzi huo hufanywa kwa hesabu ya dunia nzima, lakini gharama yake hulipwa katika maeneo ambako simu moja hutumika kwa miaka mingi na mara nyingi kwa mikono zaidi ya mmoja. Makala haya yanafafanua jambo hilo kwa kuangalia ukanda wa Tororo na Busia, kuanzia vijiji vya Paya hadi vituo vya forodha. Hoja kuu ni kwamba neno “kusitisha msaada” hubeba matendo matatu tofauti: kufunga upakuaji, kukoma kwa masasisho na kukata huduma. Kila tendo huzaa hofu yake na huhitaji tiba yake. Sera isiyoyatenganisha haitamlinda mteja, hata ikiwa na nia njema.

1.0 Utangulizi

Paya ni kaunti ndogo katika Wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, katika eneo la Budama Magharibi linalokaliwa hasa na Wapadhola. Ni eneo la wakulima wadogo. Mazao ya ukanda huu, yakiwemo mahindi, mihogo na karanga, hupata soko katika miji ya mpakani: Malaba na Busia. Miji hiyo miwili ina sura mbili kila mmoja, upande wa Uganda na upande wa Kenya. Katika masoko yake husikika Kidhopadhola, Kiteso, Kisamia, Kiganda, Kiingereza na Kiswahili, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wanaovuka.

Biashara ya wadogo hawa inatambuliwa kisheria. Chini ya Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zinazostahiki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani huvushwa kwa cheti rahisi cha asili. Hata hivyo, karatasi ya forodha ni sehemu ndogo tu ya safari ya gunia. Bei, usafiri, mnunuzi, malipo na habari za mpaka hutafutwa kwa simu. Machi 2020 Uganda ilipofunga mipaka kwa abiria kutokana na UVIKO-19 huku ikiruhusu mizigo, mfanyabiashara asiyeweza kuvuka alibaki na simu pekee. Machi 2021 Kenya iliposimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikauruhusu kwa masharti, thamani ya shehena ilitegemea nani alipata habari mapema. Kwa hiyo, simu inapopoteza programu ya mawasiliano, kinachotikisika ni riziki.

Makala haya ni ya ufafanuzi. Yanatumia matangazo ya wazi ya kampuni, sheria, na utendaji wa kiufundi wa huduma zenyewe.

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

Katika makala haya, jukwaa ni muungano wa kifaa na mfumo endeshi wake, kwa mfano simu ya vitufe yenye KaiOS, simujanja yenye toleo fulani la Android, au kompyuta yenye Windows. Jukwaa lenye watumiaji wachache ni lile ambalo sehemu yake katika jumla ya watumiaji wa programu duniani imekuwa ndogo. Uchache huo ni wa kiulinganifu: jukwaa linaweza kuwa la wachache duniani na bado likawa la wengi katika soko moja.

Matangazo ya kampuni hutumia aghalabu kauli moja ya jumla, kwamba msaada utakoma. Ndani ya kauli hiyo mna matendo matatu.

Kwanza ni kufunga upakuaji. Programu huondolewa katika duka la programu, kwa hiyo mtumiaji mpya hawezi kuipata. Aliyenayo huendelea kuitumia.

Pili ni kukoma kwa masasisho. Programu au mfumo endeshi huendelea kufanya kazi, lakini hautengenezewi tena viraka vya usalama. Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, ni mfano mzuri: kompyuta haikuzimika siku hiyo, ila kila udhaifu unaogunduliwa baadaye unaweza kubaki wazi kwa asiyejiunga na mpango wa nyongeza wa masasisho.

Tatu ni kukata huduma. Seva ya kampuni hukataa kuzungumza na toleo la zamani, na programu huacha kufanya kazi hata kama kifaa ni kizima.

Mtumiaji anayesikia “msaada utakoma” bila kuelezwa ni tendo lipi, ana sababu ya kuogopa yote matatu kwa pamoja, au kutoogopa lolote.

3.0 Mfululizo wa Usitishaji, 2017–2025

WhatsApp ni mfano wenye uzito kwa sababu ndiyo programu ya ujumbe iliyozoeleka zaidi katika biashara ndogo za Afrika Mashariki, na kwa sababu iliwahi kuhudumia karibu kila aina ya simu. Kuanzia 2017 ilianza kujiondoa. Ilisitisha msaada kwa Symbian ya Nokia tarehe 30 Juni 2017, kwa BlackBerry mwishoni mwa 2017, kwa simu za Nokia S40 mwishoni mwa 2018, na kwa Windows Phone mwishoni mwa 2019. Kisha zamu ikafikia matoleo ya zamani ya mifumo mikubwa. Android 2.3.7 na yaliyotangulia yaliachwa Februari 2020, na Android 4.0.4 na yaliyotangulia yaliachwa Novemba 2021. Kufikia 2025 programu hiyo ilihitaji Android 5.0 au toleo jipya zaidi.

Kisa cha KaiOS kinastahili kuangaliwa kwa kina. Mfumo huu ulitokana na Firefox OS, ambayo shirika la Mozilla liliacha kuiendeleza kwa ajili ya simu. Kwa kuwa msimbo wake ulikuwa huria, wengine waliuchukua na kuujengea simu za vitufe zenye intaneti. Mwaka 2018 Google iliwekeza dola milioni 22 katika kampuni ya KaiOS, na mwaka 2019 WhatsApp ikapatikana kwa upana katika simu hizo. Kampuni za simu barani Afrika ziliziuza kama daraja kati ya simu ya kitochi na simujanja. MTN, kwa mfano, ilitangaza simu ya aina hiyo kwa bei ya takriban dola 20. Mvuto mkubwa kwa mnunuzi ulikuwa kwamba kwa bei ya simu ya vitufe angepata WhatsApp.

Juni 2024 upakuaji mpya wa WhatsApp katika KaiOS ulifungwa, na waliokuwa nayo wakaelezwa kuwa wangeendelea hadi mapema 2025. Hapa matendo mawili, la kwanza na la tatu, yalifuatana kwa muda wa miezi michache tu. Kisa hiki kinaonyesha pia mpaka wa tiba ya msimbo huria. Uhuria uliuokoa mfumo endeshi baada ya mwanzilishi wake kuuacha, lakini haukuweza kuiokoa programu iliyofungwa iliyokuwa ndiyo sababu ya watu kuununua.

4.0 Sababu za Watengenezaji

Si haki kuuona usitishaji kama dharau tupu kwa wateja maskini. Kila jukwaa huhitaji wahandisi wa kuliandikia programu, kuijaribu na kuitengenezea viraka. Mifumo ya zamani hukosa nyenzo zinazohitajika na usimbaji wa kisasa, na udhaifu wa jukwaa moja unaweza kuwaathiri hata wanaowasiliana nalo kutoka majukwaa mengine. Wakati mwingine hakuna hata anayeamua. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimojawapo cha msingi cha usalama wa tovuti kilifikia ukomo wake. Ilibidi watoaji wa vyeti vya Let’s Encrypt watumie njia mbadala ya muda ili simu zenye Android ya kabla ya 7.1.1 zisikataliwe na mamilioni ya tovuti. Kifaa kisichopokea masasisho huzeeka hata kikiwa ndani ya boksi.

Hata hivyo, kipimo kinachotumika kina kasoro mbili. Kasoro ya kwanza ni kwamba huhesabu vifaa au akaunti, wala hakihesabu watu wanaotegemea kifaa. Simu moja inaweza kuwa ya kaya nzima, au ya mwekahazina wa kikundi cha akiba ambaye husoma ujumbe kwa niaba ya wenzake. Katika jedwali la mtengenezaji hiyo ni akaunti moja. Kasoro ya pili ni kwamba wastani wa dunia hufunika mlundikano wa mahali. Asilimia ndogo ya dunia inaweza kukusanyika katika masoko machache yenye kipato kidogo, yaani mahali ambapo kununua kifaa kingine ni kugumu zaidi. Kwa hiyo, mzigo wa kuhama huwaangukia wasio na uwezo wa kuubeba, nao ndio wasiosikika wakati uamuzi unapofanywa.

5.0 Hofu za Wateja na Ukweli wa Kiufundi

Hofu za wateja zinaweza kupangwa katika makundi manne. Baadhi zina msingi, na nyingine hutokana na maelezo duni.

5.1 Hofu ya kupoteza fedha. Hofu hii ndiyo kubwa na ndiyo yenye msingi mdogo. Salio la M-Pesa, MTN MoMo au Airtel Money halimo ndani ya simu. Liko katika kumbukumbu za mtoa huduma na limefungwa kwenye namba ya mteja. Mwenye simu iliyoachwa anaweza kuweka kadi yake ya laini katika simu nyingine, hata ya kitochi, na kuzifikia fedha zake. Hatari iliyopo ni ya pembeni: katika kipindi cha mkanganyiko, walaghai hujifanya maofisa wa huduma na kuomba namba ya siri kwa kisingizio cha “kusasisha akaunti”.

5.2 Hofu ya kupoteza kumbukumbu. Hofu hii ina msingi. Kwa mfanyabiashara asiye na daftari la hesabu, mazungumzo ya WhatsApp huwa ndiyo daftari: picha ya mzigo, bei iliyokubaliwa, ahadi ya kulipa, sauti ya mdeni. Akaunti imefungwa kwenye namba ya simu, kwa hiyo inaweza kufunguliwa upya katika kifaa kingine, lakini mazungumzo ya zamani hayahami yenyewe kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Mwenye KaiOS hakuwa na njia rasmi ya kuihamishia Android historia yake yote. Ushahidi wa deni unaweza kutoweka wakati deni bado lipo.

5.3 Hofu ya kutengwa na kundi. Hofu hii ina msingi wa kiasi. Anayeisajili upya namba yake mapema hukuta makundi yake yapo. Lakini akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa, na kwa kufutwa huko namba hutoka katika makundi. Kwa mkulima anayesubiri mavuno ndipo apate fedha za simu nyingine, miezi 4 ni muda mfupi. Tarehe ya ukataji huduma ikiangukia msimu wa kupanda, siku hizo zinaweza kwisha kabla ya gunia la kwanza kuuzwa.

5.4 Hofu ya kununua kifaa mfu. Hofu hii inahusu soko la simu za mtumba na za bei nafuu. Upakuaji unapofungwa, simu mpya iliyo dukani yenye nembo ya programu kwenye boksi tayari imepoteza sehemu ya thamani yake, na muuzaji anaweza asijue. Vilevile, mwenye simu iliyokuwa ikifanya kazi vizuri anaweza kuipeleka kwa fundi, fundi akafuta kila kitu ili kuondoa hitilafu, na programu isiweze kurudishwa. Mteja humlaumu fundi kwa kosa la kalenda ambayo hakuna aliyeibandika ukutani.

6.0 Njia Isiyotegemea Jukwaa na Mipaka Yake

Uchumi wa simu wa Afrika Mashariki haukuanzia kwenye programu za dukani. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007 kwa menyu iliyowekwa ndani ya kadi ya laini. MTN Uganda ilifuata na huduma yake ya fedha mwaka 2009. Pamoja na menyu hizo kuna huduma za USSD, yaani zile zinazofunguliwa kwa nyota, tarakimu na alama ya reli, kama *334# ya M-Pesa, *165# ya MTN Uganda na *185# ya Airtel Uganda. Menyu ya USSD hukaa katika mitambo ya mtandao. Simu huwa dirisha tu, na dirisha lolote hufaa, liwe la 2005 au la 2025. Ndiyo maana msururu wa usitishaji ulioelezwa hapo juu haukuwazuia watu kutumiana fedha.

Serikali nazo zimeanza kulitambua hilo. Mfumo wa ankara za kodi wa Kenya, eTIMS, uliwekewa njia ya *222# kwa wafanyabiashara wadogo, sambamba na njia za intaneti.

Hata hivyo, USSD isigeuzwe kuwa jibu la kila swali. Haibebi picha ya mzigo wala sauti. Kikao chake hukatika mteja anapochelewa kujibu. Haina usimbaji wa mwanzo hadi mwisho kama ule wa programu za kisasa za ujumbe, na humfunga mteja kwa kampuni yake ya simu. Zaidi ya hayo, nayo ina jukwaa lake: nchi kadhaa duniani zimekwisha kuzima mitandao ya 2G au 3G, na siku ambapo waendeshaji wa ukanda huu watafikiria hivyo, simu ya kitochi itakuwa ndiyo jukwaa linaloachwa. Funzo linalobaki ni kwamba huduma ya lazima haipaswi kuwa na mlango mmoja.

7.0 Mapendekezo ya Kisera

Serikali za Uganda na Kenya hazina nguvu kubwa ya kuilazimisha kampuni ya ng’ambo ihudumie jukwaa milele, wala kufanya hivyo si busara, kwa kuwa programu isiyolindwa humdhuru mteja huyohuyo. Kinachowezekana ni kudai kuaga kwa utaratibu. Aidha, wapo walio ndani ya mamlaka zao: waagizaji wa simu, na kampuni za simu zilizouza vifaa kwa kunadi programu fulani.

Kwanza, tangazo la hatua tatu. Tume ya Mawasiliano ya Uganda na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya zinaweza kuzitaka kampuni za simu zilizouza kifaa ziwatumie wateja husika ujumbe mfupi unaotaja bayana tendo gani linakuja na lini: kufunga upakuaji, kukoma kwa masasisho, au kukata huduma. Muda wa miezi 12 kabla ya kukata huduma ungempa mkulima angalau msimu mmoja wa mavuno. Ujumbe huo uwe kwa Kiswahili pamoja na lugha za wenyeji. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na uidhinishaji huo utaonekana na maana mpakani pale utakapofika kwenye kioo cha simu.

Pili, tarehe kwenye boksi. Tangu Aprili 2024 Uingereza inawataka watengenezaji wa vifaa vinavyounganishwa na intaneti watangaze muda wa chini wa masasisho ya usalama. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya ustahimilivu wa kimtandao ya 2024, umeweka msingi wa miaka 5 ya msaada, isipokuwa kwa bidhaa inayotarajiwa kutumika kwa muda mfupi zaidi. Afrika Mashariki inaweza kuanza na hatua nyepesi: kila simu inayoingizwa, iwe mpya au ya mtumba, ionyeshe toleo la mfumo wake na tarehe ya mwisho ya masasisho yanayojulikana.

Tatu, haki ya kuondoka na daftari. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inampa mhusika haki ya kupata data zake na kuzihamisha. Haki hiyo itafsiriwe katika muktadha wa usitishaji: kabla ya kukata huduma, mteja apewe njia ya kutoa mazungumzo na picha zake katika umbo linalosomeka bila programu ileile.

Nne, milango miwili kwa huduma za umma. Huduma yoyote ya serikali, ya forodha, ya kodi au ya tahadhari ya magonjwa na mazao, isitolewe kupitia programu ya dukani pekee.

Tano, uratibu wa kikanda. Simu inayonunuliwa Busia ya Kenya hulala Paya, na laini mbili za nchi mbili hukaa ndani ya simu moja. Kanuni ya nchi moja itavuja mpakani. Shirika la Mawasiliano la Afrika Mashariki, EACO, lenye makao yake Kigali, ni jukwaa mwafaka la kuoanisha masharti haya.

Kuna funzo la karibu. Kenya ilipozima simu bandia baada ya Septemba 2012, uzimaji ulitanguliwa na kampeni ya umma, na mwananchi aliweza kutuma namba ya utambulisho wa kifaa chake kwenda 1555 ili ajue hali yake. Uamuzi wenyewe ulikuwa mchungu kwa wengi, lakini utaratibu wake ulithibitisha kwamba mtu wa kawaida anaweza kupewa nafasi ya kuuliza simu yake ina muda gani na kujibiwa papo hapo. Namba ya aina hiyo kwa ajili ya ukomo wa programu inawezekana kiufundi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hofu za wateja juu ya usitishaji wa msaada si kitu kimoja. Hofu ya fedha hutibiwa kwa maelezo sahihi. Hofu ya kumbukumbu hutibiwa kwa haki ya kuhamisha data. Hofu ya kutengwa hutibiwa kwa muda wa kutosha. Na hofu ya kununua kifaa mfu hutibiwa kwa tarehe inayoonekana kabla ya kulipa. Watafiti wana kazi ya kuhesabu watu walio nyuma ya kila simu, badala ya simu peke yake. Wanaleksikografia na wanaistilahi wa Kiswahili wana kazi ya kuyapa matendo yale matatu majina yatakayokubalika pande zote za mpaka. Washauri wa sera wana kazi ya kuhakikisha kwamba majina hayo yanamfikia mteja wa Paya kabla ya tarehe yenyewe.